NASABA YA MUSA BIN MAYMUN, NA AMANA YA WAZEE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewatoa wanadamu wote katika mzazi mmoja. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baada ya hayo:

Hakuna kitu ambacho watu wa pwani hukihifadhi kwa bidii kama nasaba. Mtu huweza kusahau deni lake, lakini jina la babu wa babu yake halisahau. Na jambo hilo kwa asili yake si baya, kwani kuwajua jamaa ndiko kunakomwezesha mtu kuunga udugu, na kugawa mirathi kwa haki, na kumjua aliye maharimu wake na asiyekuwa. Lakini kila chema kina mpaka wake, na nasaba ikivuka mpaka wake hugeuka kuwa kiburi. Na kiburi ndicho kilichomtoa Iblisi peponi, naye hoja yake haikuwa ila asili: kwamba yeye ameumbwa kwa moto, na Adam kwa udongo.

Katika karatasi hizi imewekwa khabari ya mtu mmoja aliyekuwa na nasaba ya ilimu isiyo na shaka, ipate kujulikana nasaba hiyo ilimfaa kwa lipi, na kwa lipi haikumfaa. Mtu huyo hakuwa Mwislamu. Alikuwa Myahudi, tena mkuu wa wanavyuoni wa Mayahudi katika zama zake, wao humwita Rabi Moshe ben Maimon, na Waarabu humwita Abu Imran Musa bin Maymun al-Qurtubi.

Wala asiseme mtu: Mwislamu ana faida gani kusoma khabari ya ukoo wa Kiyahudi? Bibi Safiya binti Huyay, mmoja katika mama wa waumini, alikuwa binti wa Kiyahudi. Alipotukanwa siku moja kwa asili yake akalia, Mtume (S.A.W.) hakumwambia aifiche asili hiyo wala aionee haya. Alimliwaza kwa kumkumbusha kwamba yeye ni wa kizazi cha Nabii Harun, na Nabii Musa ni ami yake. Basi ikiwa Mtume mwenyewe aliitukuza nasaba hiyo kwa ajili ya manabii waliomo ndani yake, msomaji hana sababu ya kuikimbia khabari ya Musa bin Maymun.

WAZEE WAKE SABA

Musa alizaliwa katika mji wa Cordoba, nchi ya Andalusi, mwaka 1138 kwa hesabu ya Kizungu. Na wako wasemao kuwa ni 1135. Baba yake, Maymun bin Yusuf, alikuwa kadhi wa Mayahudi katika mji huo, naye alisoma kwa Yusuf bin Migash wa mji wa Lucena, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1141. Hivyo kijana Musa alizaliwa ndani ya darasa, na chuo chake cha kwanza kilikuwa magotini pa baba yake.

Mwaka 1168, Musa alimaliza kuandika kitabu cha kuieleza Mishna, nayo ni mkusanyo wa sharia za Mayahudi ambazo kwanza zilipokewa kwa midomo. Alipofika mwisho wa kitabu aliandika jina lake na majina ya wazee wake mmoja baada ya mmoja. Baba yake ni Maymun, naye alikuwa kadhi. Baba wa Maymun ni Yusuf, mwanachuoni. Baba wa Yusuf ni Is-haka, kadhi. Baba wa Is-haka ni Yusuf wa kwanza, kadhi. Baba wa huyo ni Obadia, kadhi. Baba wa Obadia ni Sulemani, rabi. Na baba wa Sulemani ni Obadia wa kwanza, naye pia kadhi. Wote ni wazee saba, na watano kati yao walikalia kiti cha hukumu.

Msomaji na aitazame nasaba hiyo vizuri. Hamna mfalme ndani yake, wala hamna tajiri, wala jemadari. Kila jina lina kazi yake kando yake, na kila kazi ni ya ilimu au ya haki. Tena imekoma kwa mtu wa saba. Walikuja wengine baadaye wakaurefusha mnyororo huo, wakaufikisha kwa Yuda Nasi, aliyeikusanya Mishna, hata kwa Mfalme Daudi. Lakini mwenyewe mwenye nasaba aliandika wazee saba tu, akanyamaza. Hilo ni somo la kwanza kwa kila mwenye karatasi ya silsila ndani ya sanduku lake: ukweli mfupi una heshima kupita urefu uliounganishwa kwa nyuzi za watu.

KUHAMA KWAO

Mwaka 1148 mji wa Cordoba ulitwaliwa na Muwahhidun, watawala waliotoka Maghribi. Hao hawakuwaachia Mayahudi na Manasara amani waliyokuwa nayo zamani chini ya dola za Kiislamu; waliwabana katika dini yao, na wengi wakahama. Khabari hii haifai kufichwa, kwani dhuluma haiwi haki kwa sababu aliyeifanya ni Mwislamu, na dhima waliyopewa watu wa Kitabu ni ahadi ambayo waumini wameamrishwa kuitimiza.

Mzee Maymun akawachukua watoto wake, wakazunguka katika miji ya Andalusi miaka mingi, kisha karibu na mwaka 1160 wakavuka bahari wakakaa Fez. Mwezi wa Aprili mwaka 1165 wakapanda chombo kuelekea Sham. Kabla hawajatimiza juma moja baharini, ilichafuka dhoruba kubwa hata wakakata tamaa ya kuishi. Walipookoka, Musa aliweka nadhiri kwamba siku hiyo, kila mwaka, atafunga na kukaa peke yake, asikutane na mtu ila ikiwa hana budi, kwa kuwa siku ile hakuona wa kumwokoa ila Mungu peke yake. Wakashuka Akka, wakazuru Baitul-Mukaddas iliyokuwa siku zile mikononi mwa Mafaranga, na mji wa al-Khalil penye makaburi ya manabii. Kisha wakaenda Misri wakakaa Fustat, karibu na Kairo. Mzee Maymun akafariki karibu na wakati huo.

Kitabu kile cha Mishna kiliandikwa katika taabu hizo. Yeye mwenyewe ameeleza mwishoni mwake kwamba mlango mmoja aliufikiri akiwa njiani katika nchi kavu, na mwingine akauandika akiwa ndani ya jahazi. Vijana wasemao kuwa hawakupata nafasi ya kusoma na walipime neno hilo.

KUFA KWA NDUGUYE

Musa alikuwa na ndugu mdogo jina lake Daudi. Musa alimlea na kumsomesha. Daudi alipokuwa mtu mzima akashika biashara ya vito, na kwa faida yake akamtunza kaka yake, ili kaka akae na vitabu vyake pasipo kuhangaikia chakula.

Ipo barua ya Daudi kwa kaka yake, iliyookotwa katika ghala ya karatasi kuukuu ya sinagogi la Fustat, na sasa imehifadhiwa Cambridge, Uingereza. Daudi aliiandika akiwa Aydhab, bandari ya zamani katika Bahari ya Sham. Ameeleza jinsi alivyovuka jangwa kutoka mji wa Qus pasipo msafara, kwa ujinga wake. Na kumbe msafara uliofuata nyuma ulinyang'anywa, na watu wake wengine wakafa. Alipofika bandarini hakuona bidhaa ya kununua ila nili. Basi akaazimu kupanda chombo kwenda Bara Hindi. Akamtuliza kaka yake na watu wa nyumbani kwamba Yule aliyemwokoa jangwani atamwokoa baharini.

Safari hiyo ya Hindi, Daudi hakurudi. Alizama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali yake, na mali ya kaka yake, na mali ya watu wengine aliyokuwa amepewa amana. Akaacha mjane na binti mdogo, na wote wawili wakabaki mikononi mwa Musa.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa uzito wa khabari hii. Bahari iliyomtwaa Daudi ndiyo inayopiga kuta za miji yao, na ziko nyumba ambazo mpaka leo husubiri chombo kisichorudi. Musa, pamoja na ilimu yake yote na wazee wake saba, alianguka kitandani karibu mwaka mzima, kwa homa na kwa kuchafuka moyo. Miaka kama minane baadaye, alipomwandikia rafiki yake wa Akka, aliungama kwamba bado hajapata kitulizo, na kila aonapo mwandiko wa nduguye, au kitabu chake kimoja, moyo wake hupinduka. Alisema kwamba lau si ile Taurati aliyokuwa akiisoma, na zile ilimu zilizomsahaulisha huzuni, angaliangamia.

Hapa nasaba haikumfaa kitu. Wazee wote wale makadhi hawakuweza kumtoa mtu mmoja chini ya maji, kama vile Nabii Nuhu (A.S.), pamoja na unabii wake, alivyomwona mwanawe akizama naye hana uwezo. Kilichomshika mkono Musa ni ile amana wazee wake waliyomwachia, nayo ni kusoma na kumtegemea Mungu.

KAZI YA MIKONO

Sasa Musa alikuwa na nyumba ya kulisha na wala hana mwenye kumtunza. Lau angalitaka, jamaa ya Mayahudi wa Misri wangalimlipa kwa kuwasomesha, kwani walikwisha kumjua. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuandika maneno makali dhidi ya wanavyuoni wanaoifanya dini kuwa jembe la kulimia. Basi akaishika kazi ya utabibu. Akawa tabibu wa al-Qadhi al-Fadhil, waziri na katibu mkuu wa Sultani Salahuddin, ndiye Sultani aliyeirudisha Baitul-Mukaddas mwaka 1187. Baadaye akamtibu al-Malik al-Afdhal, mwana wa Sultani, akamwandikia kitabu cha kuhifadhi afya. Aliandika kwa Kiarabu vitabu vya pumu, na vya sumu, na vya bawasiri. Na wakati huo huo akawaandikia watu wake Mishneh Torah, vitabu 14 vinavyokusanya sharia yao yote, kisha Dalalat al-Hairin, maana yake mwongozo wa waliotatizwa, alichokimaliza karibu na mwaka 1190.

Jinsi alivyoishi ameieleza mwenyewe mwaka 1199, katika barua kwa Samuel bin Tibbon, aliyekuwa akikifasiri kitabu chake kwa Kiebrania na akataka kuja kumzuru. Musa alimwonya asitumaini kukaa naye saa moja faraghani. Yeye hukaa Fustat, na Sultani yuko Kairo. Kila siku asubuhi hupanda mnyama wake kwenda kwa Sultani, na akiugua mtoto mmoja au mtu mmoja wa jumba la kifalme, hushinda huko. Hurudi baada ya adhuhuri naye amekufa kwa njaa, akakuta baraza zimejaa watu, Mayahudi na wasio Mayahudi, wakubwa na wadogo, makadhi na maamiri. Hushuka, akanawa mikono, akawaomba radhi wamngojee ale tonge mbili tatu, nacho ndicho chakula chake cha mchana na usiku. Kisha huwatibu mpaka usiku, pengine akiwa amelala chali kwa uchovu, hata sauti ikamkauka.

Hiyo ndiyo tafsiri ya nasaba ya ilimu. Mtu mwenye wazee saba mashuhuri alikuwa akiwaomba radhi wagonjwa wake ili ale.

JAWABU KWA MTU ASIYE NA NASABA

Na sasa limefika jambo lenyewe. Alikuwako katika siku zake mtu mmoja mgeni aliyeingia katika dini ya Mayahudi, akaitwa Obadia. Wazee wake hawakuwa wana wa Israili. Mtu huyu aliingiwa na shaka moyoni, kwa kuwa Mayahudi katika sala zao humwita Mungu kuwa ni Mungu wa baba zao, na kumshukuru kwa kuwatoa baba zao Misri. Akamwandikia Musa kumwuliza: Je, mtu kama yeye, ambaye baba zake si hao, yamfalia kusema hivyo, au anyamaze?

Wako wenye nasaba ambao wangaliipenda fursa ile ya kumwonyesha mgeni mahali pake. Musa alimjibu kwamba aseme yote kama wasemavyo wenyeji, pasipo kubadili hata neno moja, kwani Nabii Ibrahimu ndiye aliyewaita watu wote katika tauhidi, na kila anayeuitika wito huo ni mwana wa Ibrahimu. Akamwonya asiidharau asili yake. Maana ikiwa wao hujinasibisha na Ibrahimu na Is-haka na Yakubu, yeye anajinasibisha na Yule aliyesema ulimwengu ukawa.

Huyo Obadia alikuwa na shitaka jingine. Alibishana na mwalimu wake juu ya Waislamu: mwalimu akisema kuwa wao huabudu masanamu, kwa ajili ya mawe yatupwayo wakati wa Haji, naye akikana, mwalimu akamwita mpumbavu. Musa alihukumu kwamba Waislamu si waabudu masanamu hata kidogo, na kwamba humpwekesha Mungu kama ipasavyo, pasipo kasoro. Na hata kama mahali pale palikuwa na masanamu zamani, nyoyo za wanaosujudu huko leo zimeelekea mbinguni. Kisha akamlaumu mwalimu kwa kumvunjia heshima mtu aliyeacha baba yake na kabila lake kwa ajili ya kumtafuta Mungu, akasema kuwa kosa hilo ni kubwa na yampasa aombe msamaha.

Msomaji na akumbuke kwamba mwamuzi huyo ndiye aliyefukuzwa utotoni na watawala wa Kiislamu. Alikuwa na kisasi ndani ya kifua lau angalitaka kukitoa. Lakini kadhi mwana wa makadhi hahukumu kwa kidonda chake. Huhukumu kwa alijualo kuwa ni kweli. Hapo ndipo nasaba yake ilipomfaa.

Na jina la Obadia kwa Kiebrania maana yake ni mtumishi wa Mungu, kama Abdallah kwa Kiarabu. Mgeni yule asiye na nasaba aliitwa Obadia. Na mzee wa saba, aliye mwanzo wa nasaba yote ya Musa, naye aliitwa Obadia. Basi mwenye nasaba ndefu akiifuata mpaka mwisho wake hukuta mja wa Mungu, na asiye na nasaba huanza papo hapo.

KIZAZI CHAKE

Musa alifariki Fustat mwezi wa Desemba mwaka 1204, na Mayahudi hulizuru kaburi lake katika mji wa Tabariya. Alioa Misri katika ukoo wa makatibu, akapata mwana, Ibrahimu, aliyezaliwa mwaka 1186. Kijana huyo hakuwa ametimiza miaka 20 alipokabidhiwa uongozi wa Mayahudi wa Misri. Naye pia alikuwa tabibu. Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa tarikh ya matabibu, alifanya kazi pamoja naye katika hospitali ya Kairo, akamsifu kwa uzuri wa maneno na tabia. Ibrahimu aliandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa, Kifayat al-Abidin, na ndani yake aliwasifu masufi wa Kiislamu, akiona kuwa wameshika mwendo wa manabii wa kale ambao watu wake wameuacha. Wakatokea katika jamaa yake waliompinga, naye hakuiacha njia yake. Akafariki mwaka 1237.

Baada yake uongozi ulishikwa na mwanawe Daudi, ambaye alichukua jina la ami wa baba yake aliyezama. Kisha Ibrahimu bin Daudi. Kisha Yoshua bin Ibrahimu. Kisha Daudi bin Yoshua, aliyehamia Sham. Hao ni watano baada ya Musa, katika muda unaokaribia miaka 200. Na kila mmoja wao aliheshimiwa kwa sababu alisoma, akaandika, akahukumu.

MAZINGATIO

Enyi wenye akili, zingatieni. Ukoo huu ulitolewa katika mji wake, ukapoteza mali yake baharini, ukawa mgeni katika nchi ya watu. Wala haukupotea, kwa kuwa kila baba alimkabidhi mwanawe kazi pamoja na jina. Baba amwachiaye mwanawe jina tupu amemwachia sanduku lisilo na kitu, na funguo nyingi za kuringia.

Basi mwenye babu mwanachuoni na ajiulize mwanawe amefika wapi katika chuo. Mwenye babu kadhi na ajiulize kama mizani ya duka lake ni ya haki. Na mwenye kujivunia kuwa Uislamu wa wazee wake ni wa miaka mingi, amtazame yule mtu wa bara aliyesilimu jana, anayesimama nyuma ya safu kwa haya kwa sababu ameambiwa kuwa hana asili. Je, amempisha nafasi ubavuni pake, au amemwambia kama yule mwalimu alivyomwambia Obadia? Ikiwa rabi wa Kiyahudi alilijua jambo hili kwa Taurati yake, hoja ni kubwa zaidi juu ya mtu ambaye Kurani imemfundisha kuwa mbora mbele ya Mungu ni mcha Mungu, na ambaye Mtume wake alimwambia Bibi Fatima, binti yake mwenyewe, kwamba hatamfaa kitu siku ya hesabu.

Siku hiyo karatasi za silsila hazitafunguliwa. Kitakachofunguliwa ni daftari ya amali, na juu yake limeandikwa jina moja tu, la mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awajaalie waumini kuwa warithi wa amali za wazee wao, wala asiwajaalie kuwa warithi wa majina matupu. Amin. Wallahu aalam.